Draiva ya CL57T na mota ya NEMA 23 yenye enkoda: servo ya bei nafuu, ilimradi uunge waya wa ALM

Anayetafuta servo (mota inayojisahihisha nafasi yake) kwa ajili ya mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya mbao, meza ya plazma au mashine ya kubandika lebo hakawii kukutana na seti hii: mota ya steppa (inayozunguka hatua kwa hatua) ya NEMA 23 (kipimo cha uso wa mota) yenye torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 3, enkoda (kihisi cha nafasi ya shafti) ya mistari 1000 mgongoni mwake, na draiva (kifaa kinacholisha mota mkondo) ya CL57T inayouzwa na StepperOnline. Boksi limeandikwa "closed loop" (yenye mrejesho wa nafasi), na wauzaji wengine huita vifaa vya aina hii "hybrid servo" au "easy servo". Leadshine na JMC wanazo seti zinazofanya kazi ileile kwa namna ileile, kwa hiyo mengi ya hapa chini yanazihusu na zenyewe.

Bei ya seti nzima haifiki nusu ya servo ya AC ya wati 400 ya chapa za Japani. Kwa kazi ambayo mota haivuki mizunguko 600 kwa dakika, hatuoni sababu ya kulipa zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba wengi huinunua, huifunga, mashine inatembea, na waya wa ALM (ishara ya hitilafu kutoka kwenye draiva) unabaki unaning'inia ndani ya paneli. Aliyefanya hivyo amenunua enkoda ya urembo.

Enkoda inafanya nini, na nini haifanyi

Steppa ya kawaida haina macho. Draiva inapeleka mkondo kwenye koili na kuamini kwamba rota imefuata. Mzigo ukizidi, rota inaachwa nyuma, na ikishaachwa vya kutosha inadakwa na nafasi nyingine iliyo hatua nne kamili kutoka pale ilipotakiwa kuwa. Hatua nne za nyuzi 1.8 ni nyuzi 7.2. Kwenye skrubu ya mipira ya SFU1605, inayosogea mm 5 kwa mzunguko, hiyo ni mm 0.1. Ndiyo maana kipande kilichohama kwa mm 0.1, 0.2 au 0.3, kila mara kwa kiasi cha namna hiyo, kikufanye ushuku hatua zilizopotea kabla hujailaumu skrubu kwamba imechakaa.

Ukiweka enkoda ya mistari 1000, draiva inasoma pande zote nne za mawimbi ya A na B na kupata nafasi 4000 kwa mzunguko. Kwa hesabu hizo inajua rota iko wapi hasa na kuelekeza mkondo panapotoa torki kubwa. Rota haidondoki tena kwenye nafasi jirani. Mzigo ukiwa mkubwa rota inachelewa, draiva inahesabu deni, na mzigo ukipungua inalilipa. Deni likipita kikomo, draiva inakata mkondo wa mota na kuwasha ALM.

Faida ya pili inaonekana kwenye hesabu ya mota. Kwa steppa isiyo na enkoda, fundi makini hutumia karibu nusu tu ya torki iliyopo ili asipoteze hatua. Kwa yenye enkoda unaweza kuikaribia torki yote. Kwa hiyo mota ya Nm 2 yenye enkoda mara nyingi inafanya kazi iliyokuwa ikihitaji Nm 3 bila enkoda, na inapoa zaidi.

Lakini enkoda haiongezi torki hata chembe. Nm 3 zilizoandikwa kwenye mota ni za kushikilia, shafti ikiwa imesimama. Mwendo ukipanda zinashuka, na sababu iko kwenye ujenzi wa mota yenyewe. Steppa ya nyuzi 1.8 ina jozi 50 za nguzo. Kwa mizunguko 1000 kwa dakika, mkondo kwenye koili unatakiwa kugeuka mara 833 kwa sekunde. Servo yenye jozi 5 za nguzo, ikizunguka mara 3000 kwa dakika, mkondo wake unageuka mara 250 tu. Koili ya steppa haipati muda wa kujaa, na volti inayozalishwa na mota yenyewe inaupinga mkondo unaoingia. Ukivuka 1000 kwa volti 36, usitegemee hata nusu ya kilichoandikwa.

Upande wa pili wa mizani: servo ya wati 400 ina torki ya Nm 1.27 ya kudumu, ambayo inabaki hivyohivyo hadi mizunguko 3000, na kwa muda mfupi inafika karibu mara tatu. Kwa mizunguko 300, steppa ya Nm 3 inaishinda servo hiyo kwa torki ya kudumu. Kwa 2000 haipo kabisa kwenye mashindano. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, piga hesabu ya mwendo. Mashine inayotembea mita 3 kwa dakika kwenye skrubu ya mm 5 inahitaji mizunguko 600. Hapo CL57T inatosha. Ukitaka mita 10 kwa dakika kwenye skrubu hiyohiyo ni 2000, na suluhisho ni kubadili skrubu iwe ya mm 10 au zaidi, au kukubali kununua servo.

Pawasaplai

CL57T inakubali volti 24 hadi 48 za DC. Wengi husoma 48 na kununua pawasaplai ya 48, na hapo ndipo kero zinapoanza. Meza nzito inapofunga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye draiva. Pawasaplai ya swichi haiwezi kuumeza. Volti inapanda, draiva inajilinda, na taa nyekundu inawaka mara mbili mbili. Nunua ya volti 36. Mean Well LRS-350-36 inatoa ampea 9.7 na inatosha mota mbili za ukubwa huu. Kwa mashine ya mihimili mitatu (pande tatu za mwendo: X, Y na Z) weka pawasaplai mbili badala ya kuibana moja.

Pawasaplai hiyo ina swichi ndogo ubavuni ya kuchagua 115 au 230. Iangalie kabla hujachomeka. Ikiwa kwenye 115 na ukaiunga kwenye umeme wetu wa 230 au 240, inapasuka papo hapo, na hakuna muuzaji atakayeipokea.

Weka fyuzi yake kwa kila draiva. Usiweke swichi kati ya pawasaplai na draiva ya kuzima wakati mota inatembea. Zima upande wa AC.

Kuunga waya: makosa yanayojirudia

Usiamini rangi. Mota za wauzaji tofauti zinatumia rangi zilezile kwa waya tofauti. Chukua multimita, tafuta waya mbili zenye ukinzani mdogo kati yake, mara nyingi chini ya ohmu 1. Hizo ni koili moja. Mbili zilizobaki ni nyingine. Enkoda ina waya sita: volti 5, ardhi, na jozi za A na B. Hapa usikisie kabisa. Ukiunga volti 5 kwenye pini ya ishara, enkoda imekwenda. Fuata jedwali la mota iliyo mkononi mwako.

Kosa linalowakuta zaidi wanaotoka kwenye steppa za kawaida ni hili. Kwenye steppa isiyo na enkoda, mota ikizunguka kinyume unabadilishana waya mbili za koili moja na mambo yamekwisha. Kwenye hii usifanye hivyo. Ukibadilisha koili, mota inazunguka kulia huku enkoda ikisema kushoto. Draiva inaongeza mkondo ili kusahihisha, inazidisha kosa, mota inaruka kwa kishindo mara moja na taa nyekundu inawaka mara saba. Mwelekeo unabadilishwa kwa swichi ndogo ya mwelekeo kwenye draiva au ndani ya programu ya mashine.

Kuna njia rahisi ya kujua kama hitilafu iko kwenye mota au kwenye enkoda. Matoleo ya karibuni ya CL57T yana swichi ndogo inayoifanya draiva isahau enkoda na kufanya kazi kama ya steppa ya kawaida. Igeuze, washa upya, tembeza mota polepole. Ikitembea laini, jozi za koili ziko sawa na tatizo ni waya za enkoda au waya mbili za koili moja zilizobadilishana. Ikitetemeka bila kuzunguka, umechanganya koili mbili. Ukimaliza rudisha swichi. Kuna mashine zinazofanya kazi kwa miezi zikiwa hivyo bila mwenyewe kujua, na enkoda haina kazi yoyote.

Ishara za PUL (palsi za kuitembeza mota) na DIR (mwelekeo): draiva ina swichi ya kuchagua volti 5 au 24. Ukitumia Arduino yenye GRBL au bodi ya Mach3 (zote mbili ni programu za kuendesha CNC), weka 5. Ukitumia PLC (kompyuta ndogo ya viwandani ya kuongoza mashine), weka 24. Swichi ikiwa kwenye 5 na ukapeleka 24, unachoma sehemu ya kupokea ishara. Ikiwa kwenye 24 na unapeleka 5, mota haitembei kabisa au inaruka ruka, na fundi anapoteza siku nzima akitafuta tatizo kwenye programu. Draiva kongwe za aina ya HBS57 hazina swichi hiyo. Unaweka rizista ya kilo-ohmu 2 kwenye kila waya wa ishara kwa volti 24, au kilo-ohmu 1 kwa volti 12.

PLC lazima iwe ya matokeo ya transista. Ya relei haiwezi kutoa palsi za kasi, na ukiilazimisha utaua relei zake. Siemens S7-1200 aina ya CPU 1214C DC/DC/DC inatoa palsi hadi kHz 100 kwenye matokeo manne ya kwanza, na inatosha kabisa. Matokeo yake yanatoa chanya, hivyo PUL- na DIR- zinakwenda kwenye ardhi ya volti 24. PLC za NPN zinaungwa kinyume: PUL+ na DIR+ kwenye volti 24, na PLC inavuta upande wa hasi.

ENA (ishara ya kuwasha au kuzima mota) iache bila kuunga mpaka mashine iwe imetulia. Isipoungwa, mota inakuwa hai.

Palsi kwa mzunguko

Kishawishi ni kuweka 4000 ili ilingane na enkoda, au hata zaidi. Piga hesabu kwanza. Kwa skrubu ya mm 5, palsi 4000 kwa mzunguko ni 800 kwa milimita. Mwendo wa mm 3000 kwa dakika ni mm 50 kwa sekunde, yaani palsi 40,000 kwa sekunde. GRBL kwenye Arduino Uno inachoka karibu na 30,000. Mach3 kwa bandari sambamba, ikiwa kwenye mpangilio wa kawaida, mwisho ni 25,000. Weka 1600: ni palsi 320 kwa milimita, na mwendo uleule unahitaji 16,000 tu. Usahihi haupungui kwa jinsi watu wanavyodhani. Palsi moja ni mm 0.003, na skrubu ya bei hii haina usahihi huo.

Kikomo cha deni, na kwa nini kinaumiza

Draiva nyingi za ukoo huu zinatoka kiwandani zikiwa na kikomo cha makosa cha hesabu 1000 za enkoda. Inaonekana kidogo mpaka uigeuze kuwa milimita. Hesabu 1000 kati ya 4000 ni robo ya mzunguko. Kwenye skrubu ya mm 5 ni mm 1.25. Maana yake, kifaa kinaweza kuchelewa zaidi ya milimita moja, kikakata mahali pasipotakiwa, kikarudi kwenye njia, na ALM isiwake. Kwa kabati la jikoni hutaona. Kwa flanji ya alumini umeharibu kazi.

Kwenye mashine ya reli ya meno mambo ni mabaya zaidi. Gia ya meno 20 ya moduli 1.25 inasogeza mm 78.5 kwa mzunguko. Robo yake ni karibu mm 20! Bila gia ya kupunguza mwendo, kikomo hicho hakina maana yoyote. Kwa gia ya 1:5 unabaki na karibu mm 4, bado ni kubwa kwa plazma.

Kikomo kinapunguzwa kwa programu ya kompyuta kupitia tundu la RS232 la draiva. Kebo yake ni maalumu na mara nyingi inauzwa kando, kwa hiyo iagize pamoja na seti. Punguza taratibu: anza na 400, endesha kazi nzito, kisha 200. Ukishuka mno, ALM itawaka kila mashine inapokaza mwendo, kwa kuwa rota daima inachelewa kidogo kwenye kuongeza kasi. Hapo punguza kasi ya kuongeza mwendo kwenye programu ya mashine. Usirudishe kikomo juu.

Ukiwa ndani ya programu hiyo, angalia pia filta ya kulainisha palsi. Inachelewesha amri kwa milisekunde kadhaa. Haina shida mradi iwe sawa kwenye mihimili yote inayotembea pamoja. X ikiwa na thamani moja na Y nyingine, duara linatoka kama yai, na utalaumu mkanda bure.

Waya wa ALM

Enkoda inazungumza na draiva peke yake. Mach3, GRBL au PLC yako haijui chochote. Draiva moja ikijizima, kompyuta inaendelea kutuma palsi kwa zilizobaki. Fikiria mashine ya mbao yenye mota mbili kwenye Y, moja kila upande wa daraja. Ya kushoto imejizima, ya kulia inaendelea kusukuma. Daraja linakwenda mshazari, reli zinabanwa, na kifaa cha kukatia kinavunjika ndani ya mbao. Seti ya steppa za kawaida ingeweza kupoteza hatua chache tu hapo. Kwa hiyo bila ALM, mota hizi zinaweza kuwa hatari kuliko zile za zamani.

Tokeo la ALM ni la transista, linalotenganishwa kwa mwanga. Lisibebe zaidi ya volti 24 na miliampea 100. Kwa PLC linaingia moja kwa moja kwenye pembejeo. Kwa bodi ya CNC, unganisha kwenye pembejeo ya kusimamisha dharura. Ukiweka relei ndogo ya volti 24, weka daiodi sambamba na koili yake, la sivyo transista ya ALM itakufa mara ya kwanza relei ikizimika.

Kabla ya kuamua mpangilio, pima kwa multimita hali yake draiva ikiwa nzima na ikiwa na hitilafu. Unachotaka ni mguso uliofungwa wakati wa uzima, unaofunguka kwenye hitilafu, ili hata waya ukikatika au ukilegea mashine isimame. Kwa mota nne, ziunge mfululizo. Jaribu kwa kuchomoa plagi ya enkoda mota ikiwa imesimama na kisha kuamuru itembee: mashine nzima lazima isimame. Jaribio hili lifanyike kabla ya kufunga spindo (mota inayozungusha kifaa cha kukatia).

Baada ya ALM, zima umeme, ondoa chanzo, washa, kisha rudisha mashine nyumbani kwenye swichi za mwanzo. Enkoda hii haikumbuki nafasi umeme ukikatika. Palipo na umeme unaokatika katikati ya kazi, swichi za mwanzo si hiari.

Makosa ambayo enkoda haiyaoni

Enkoda iko mgongoni mwa mota. Kila kitu kilicho mbele ya shafti, haikioni. Kapling (kiunganishi cha mota na skrubu) ya skrubu ndogo ya kubana ikiteleza kwenye shafti ya mm 8, mota itafika palepale ilipoamriwa, draiva itaridhika, na meza itakuwa imebaki nyuma. Tumia kapling ya kubana kwa ukingo mzima. Hivyo hivyo kwa mkanda uliolegea na nati ya skrubu iliyochakaa.

Inverta ya spindo (kifaa kinachoiendesha spindo kwa kasi tofauti) ni adui mwingine. Ukiona ALM inawaka pale tu spindo inapowashwa, na wakati mwingine wote iko kimya, usibadilishe draiva. Kebo ya enkoda iwe na ngao, ngao iungwe ardhini upande wa draiva tu, na ipite sm 20 au zaidi mbali na kebo ya inverta hadi spindo. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Mota inayovuma kwa sauti nyembamba ikiwa imesimama haijaharibika. Inatafuta nafasi yake kila wakati. Ikitetemeka hadi meza isikike, punguza nguvu ya usahihishaji kwenye programu. Hutokea sana kwenye mikanda mirefu yenye mzigo mzito.

Kwa mhimili wa Z, skrubu ya mm 16 yenye hatua ya mm 5 haijizuii yenyewe. Draiva ikikata mkondo, spindo inashuka. Agiza mota yenye breki ya volti 24 na uiunge kwenye tokeo la BRK (la breki) la draiva kupitia relei. Spindo ya kilo 2 au 3 inaweza kushikiliwa na springi ya gesi, ila kwa uzito zaidi breki ni lazima.

Ukibadilisha mashine iliyokuwa na steppa za kawaida, uso wa mota na matundu yake yaliyo mm 47.14 yanaingia bila kutoboa. Angalia urefu: enkoda inaongeza karibu sm 2 nyuma, na kwenye Z nyembamba inaweza kugonga fremu. Angalia pia shafti. Mota nyingi za zamani ni mm 6.35, hizi ni mm 8, kwa hiyo kapling mpya zinahitajika zote.

Kwenye oda, ongeza kebo moja ya ziada ya enkoda na ile kebo ya RS232. Kebo ya enkoda inayopinda kila siku ndani ya mnyororo wa kebo ndiyo ya kwanza kukatika, na kuisubiri isafirishwe kutoka China ni wiki kadhaa za mashine kusimama.